ONYO LILIFIKA, PA KUKIMBILIA HAPAKUWAPO

Serikali yoyote duniani humtaka mwananchi wake mambo mengi: alipe kodi, aheshimu sheria, ajitokeze nchi inapomhitaji. Lakini sidhani kama lipo jambo zito inalomtaka kuliko hili la kumtoa mtoto wake nyumbani kila asubuhi, tangu akiwa na umri wa miaka sita au saba, akamkabidhi kwa watu ambao pengine hata majina yao hayajui, ndani ya jengo ambalo hakulijenga yeye wala hakuulizwa lijengwe vipi. Mzazi anayekaidi huitwa na sheha. Akizidi kukaidi, hufikishwa mbele ya sheria. Na sisi tulio katika Chama tumezunguka vijiji vingi tukiwahimiza wazee wawapeleke watoto skuli, na tulikuwa na haki ya kufanya hivyo. Elimu ilitangazwa kuwa bure katika visiwa hivi mwaka 1964, na haikutangazwa ili madarasa yabaki matupu.

Leo napenda tulitazame jambo hilo kwa upande wake wa pili. Serikali inapompokea mtoto yule mlangoni mwa skuli, jina lake likaitwa katika daftari la mahudhurio, yenyewe imejifunga kwa lipi? Nitamchukua msomaji mbali kidogo, hadi jimbo la Oklahoma katikati ya Marekani, kwa kuwa huko swali hili liliulizwa hadharani, likaingia katika Bunge la jimbo na mahakamani, na liliulizwa baada ya kuzikwa watoto saba.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Sisi watu wa pwani tunayo tufani, na tunacho kimbunga, dhoruba kubwa itokayo baharini, yenye upana wa mamia ya kilomita, ambayo huchukua siku kadhaa kufika na hupewa jina kama mtu. Tunayo pia chamchela, ile pepo ya kuzunguka inayonyanyua mavumbi na majani makavu uwanjani wakati wa jua kali, ambayo tulipokuwa watoto tuliambiwa tuikimbie kwa sababu ndani yake amepanda jini. Wamarekani hupatwa na kitu cha tatu waitacho tonado. Kwa umbo ni chamchela, na kwa kasi ya upepo huweza kuipita tufani. Huning'inia kutoka katika wingu zito jeusi kama mkonga wa tembo, hugusa ardhi, kisha hutembea. Njia yake huwa nyembamba, mita mia chache tu, mara chache zaidi ya kilomita moja. Na uhai wake mara nyingi ni wa dakika, si wa siku. Mvuvi wetu aliyewahi kuona mkia wa wingu ukiteremka na kunyonya maji ya bahari amemwona mdogo wake.

Hewa yenye joto na unyevu kutoka Ghuba ya Mexico hukutana na hewa kavu ya magharibi juu ya nchi tambarare za katikati ya Marekani, na katika miezi ya masika yao, hasa Mei, ndipo balaa hili huzaliwa. Nchi ile hupata tonado zaidi ya elfu moja kwa mwaka. Nyingi ni ndogo, huvunja matawi na kung'oa mabati. Wataalamu huzipanga kwa daraja kuanzia 0 hadi 5, kwa mizani iliyotungwa mwaka 1971 na Profesa Ted Fujita, Mjapani aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Chicago, na ambayo imefanyiwa marekebisho baadaye. Tonado ya daraja la tano, yenye upepo unaozidi kilomita 320 kwa saa, huiondoa nyumba juu ya msingi wake ikabaki sakafu tupu, kana kwamba imefagiliwa.

Mji wa Moore, jirani ya Oklahoma City, ulikuwa na watu wapatao 55,000. Tarehe 3 Mei, 1999, tonado ya daraja la tano iliupitia mji huo na vitongoji vilivyo karibu, ikaua watu 36. Mashine ya kupimia ilisoma siku ile upepo wa karibu kilomita 480 kwa saa, kasi ambayo ni miongoni mwa kubwa kabisa zilizowahi kupimwa juu ya uso wa dunia. Skuli mbili za mji zilijengwa upya baadaye zikiwa na vyumba vya hifadhi. Nyingine ziliachwa kama zilivyokuwa, kwa sababu hazikubomoka. Msomaji ayatie maanani maneno hayo: zilinyimwa kinga kwa kosa la kubaki zimesimama.

Miaka kumi na minne ikapita. Tarehe 20 Mei, 2013, siku ya Jumatatu, saa 8.40 mchana, Idara ya Hali ya Hewa ya nchi ile ilitoa onyo la tonado kwa eneo lile. Saa 8.56 tonado iligusa ardhi. Saa 9 na dakika moja likatolewa onyo kali zaidi, lile linalowaambia watu kwamba maisha yao yamo khatarini kwa hakika. Ving'ora vililia, redio na televisheni ziliacha vipindi vyao. Ilikuwa karibu na saa ya kutoka skuli, na wazazi wengine walikuwa wakikimbilia kuwachukua watoto wao. Katika skuli ya msingi ya Plaza Towers walimu waliwapanga watoto kama walivyofundishwa katika mazoezi ya miaka yote: waketi sakafuni wakiuelekea ukuta, magoti yakunjwe, vichwa viinamishwe, mikono ifunike shingo. Baada ya saa 9 na robo tonado iliifikia skuli. Ilikuwa na upana wa zaidi ya kilomita moja na nusu mahali ilipopanuka kuliko pote, na upepo uliokadiriwa kufika kilomita 340 kwa saa. Walimu waliwalalia watoto kwa miili yao. Jengo likaanguka.

Watoto saba wa darasa la tatu, wa miaka minane na tisa, walikufa pale, wengi wao kwa kukosa pumzi chini ya kifusi. Mji mzima ulipoteza watu 24. Skuli nyingine, Briarwood, nayo iliharibiwa vibaya siku ile ile, na watoto wake wote walitoka hai. Tunamshukuru Mungu kwa hilo, ila si jambo ambalo mhandisi anaweza kuliandika katika mchoro wake.

Katika saa za kwanza ilienezwa khabari kwamba watoto wale walizama kwa maji katika chumba cha chini ya ardhi. Haikuwa kweli. Skuli ile haikuwa na chumba cha chini ya ardhi. Nchi ile ina udongo mwekundu wa mfinyanzi unaovimba na kunywea, na vyumba vya namna hiyo ni vichache hata majumbani. Lakini nadhani uvumi ule ulipokelewa upesi kwa sababu moja: hakuna aliyetaka kuamini kwamba katika nchi tajiri kiasi kile, katika mji uliokwisha kupigwa kiasi kile, watoto waliambiwa wajihifadhi katika korido.

Hapa ndipo ninapowaomba wakuu wetu wasimame kidogo. Idara ya hewa ilifanya kazi yake yote. Onyo lilitangulia kwa dakika 16 kabla upepo haujagusa ardhi, na kwa zaidi ya nusu saa kabla haujafika skuli. Walimu walifanya kazi yao, na wengine waliumia mno kwa kuifanya. Watoto walitii. Hapana aliyezembea katika mchana ule. Aliyezembea alizembea miaka mingi kabla, mezani, penye karatasi ya makadirio. Na wahandisi waliokwenda baadaye kuzichunguza kuta za Briarwood waliona boliti zilizong'oka na kuta zilizokosa nondo na zege ya kutosha, mambo ambayo fundi yeyote wa mitaani kwetu anayafahamu kwa majina na ambayo, plasta ikishapakwa, hayaonekani tena mpaka siku ya mtihani.

Yafaa niseme chumba cha hifadhi ni kitu gani, maana wengine hudhani ni pango la kivita. Mwaka 1970 tonado iliupiga mji wa Lubbock katika jimbo la Texas na kuua watu 26. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Texas Tech kilichoko mjini humo walikwenda kukagua magofu, wakaona mara kwa mara jambo moja la ajabu: nyumba nzima imeondoka, lakini kichumba kimoja kidogo cha katikati, kama stoo au choo, bado kimesimama. Wakajiuliza, je, kichumba kile kikitiwa nguvu kwa makusudi? Kutokana na swali hilo ilikuja elimu nzima ya vyumba vya hifadhi. Leo kipimo chao hutaka chumba kihimili upepo wa kilomita 400 kwa saa. Nao hukijaribu ukuta kwa mzinga wa hewa: kipande cha mbao ya mbili kwa nne, chenye uzito wa karibu kilo saba, hurushwa kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa, kikauelekea ukuta kwa ncha. Kikipenya, ukuta umeshindwa. Kwani katika dhoruba hizi upepo peke yake hauui sana. Muuaji ni mbao za jirani.

Na chumba hicho si lazima kikae bure kikingojea balaa. Skuli nyingi za Kansas na Oklahoma zilizokwisha kuvijenga huvitumia kama maktaba, darasa la muziki, chumba cha kulia, au ukumbi wa michezo. Kuta ni nene zaidi, paa ni la zege, milango ni ya chuma yenye makomeo matatu, na kila mtu ametengewa nafasi ya chini ya nusu mita ya mraba, kwa sababu anayejificha na tonado hujificha kwa dakika, halali. Gharama inayoongezeka ni ile ya unene wa ukuta na paa, kwa kuwa ukumbi wenyewe ungejengwa tu. Mhasibu akiileta hesabu ya chumba kizima na kuiita gharama ya hifadhi, hajasema uongo, lakini ameficha nusu ya kweli.

Haya ya Moore hayakuwa mageni kwao. Mwaka 1925 tonado moja iliyapitia majimbo matatu na kuua watu 695. Katika kijiji cha De Soto, Illinois, watoto 33 walikufa ndani ya skuli moja. Mwaka 1967 katika mji wa Belvidere, jimbo hilo hilo, iliwakuta wanafunzi wanapanda mabasi ya kurudi nyumbani. Mwaka 1974 huko Xenia, Ohio, vijana walikuwa wakifanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza, wakaiona inakuja, wakakimbilia korido. Waliporudi wakakuta basi la skuli limelala juu ya jukwaa walilokuwa wamesimama. Tarehe 1 Machi, 2007, katika mji wa Enterprise, Alabama, wanafunzi wanane walikufa katika korido ya skuli ya sekondari, mahali walipoelekezwa wakae. Jimbo la Alabama likaona aibu, likaamuru kwamba skuli zote mpya za umma ambazo mikataba yake ingetiwa saini kuanzia katikati ya mwaka 2010 ziwe na hifadhi. Nchi ya Marekani nayo, katika kanuni za ujenzi za mwaka 2015 ambazo majimbo huzifuata kama kiolezo, ikaweka sharti hilo kwa skuli mpya katika maeneo yenye upepo mkali kuliko yote. Naomba neno hili "mpya" lisitupite. Skuli ya zamani haimo, na mtoto anayesoma katika skuli ya zamani hajui kwamba ana bahati mbaya.

Tuje sasa kwenye siasa yake, ambayo kwa mtu wa kazi yangu ndiyo yenye mafunzo mengi. Baada ya msiba wa Moore, mjumbe mmoja wa Baraza la Wawakilishi la Oklahoma, Joe Dorman wa chama cha Democratic, alipendekeza jimbo likope dola milioni 500 kwa hati fungani ili skuli zote zijengewe hifadhi, na deni lilipwe kwa kodi ambayo makampuni hutozwa kwa kuruhusiwa kufanya biashara jimboni. Wazazi wa watoto waliokufa walisimama pamoja na wengine kukusanya sahihi za wananchi ili jambo lipigiwe kura. Zilihitajika sahihi kama 155,000. Mwanasheria Mkuu wa jimbo akayaandika upya maneno ya karatasi ya kura, kodi ikatangulizwa mbele na watoto wakafuata nyuma. Shauri likaenda Mahakama Kuu ya jimbo, miezi ikapita, na sahihi hazikutimia.

Gavana Mary Fallin wa chama cha Republican alikuwa na rai yake: kila wilaya ya skuli iruhusiwe kukopa zaidi ikiwa wakaazi wake watakubali kwa kura, nao walipe wenyewe kwa kodi ya majengo yao. Sitaki kumdhulumu. Sisi tuliosomeshwa na walimu wa zama za kujitegemea hatuwezi kuicheka hoja ya watu kujijengea chao; madarasa mangapi hapa petu yameanza kwa matofali ya wanakijiji? Tena mwananchi aliyechangia ukuta huulinda. Walakini kodi ya majengo huleta fedha nyingi penye majengo ya thamani, na kidogo penye vibanda. Wilaya yenye maduka makubwa hujenga. Wilaya ya wakulima waliotawanyika huomba dua. Sheria inayomlazimisha mtoto kwenda skuli ni moja kwa jimbo zima, na haimuulizi kwanza baba yake ana nyumba ya thamani gani. Basi kwa nini ukuta wa kumlinda uulize?

Hoja zote mbili, ya Dorman na ya Fallin, hazikufika kwenye sanduku la kura la jimbo. Wawili hao walipambana wenyewe kwa wenyewe katika uchaguzi wa ugavana mwezi wa Novemba 2014, na Fallin akashinda. Plaza Towers na Briarwood zilifunguliwa tena Agosti mwaka huo zikiwa na hifadhi imara, kama zilivyofanyiwa zile mbili za mwaka 1999. Halmashauri ya mji wa Moore nayo ilipitisha mwaka ule ule kanuni za kuzitia nguvu nyumba mpya za kuishi, ikawa ya kwanza nchini humo kwa ukali wake. Serikali ya shirikisho huweza kulipa hadi asilimia 75 ya gharama ya hifadhi kupitia mfuko wake wa maafa, lakini fedha hizo nyingi hutoka baada ya maafa, na huenda kwa wanaojua kuandika maombi.

Wapo waliopinga kwa hesabu, na hesabu yao si ya kipuuzi. Husema: ukiichukua skuli moja, uwezekano wa kupigwa na tonado kali katika mwaka mmoja ni mdogo mno; tonado nyingi hupiga jioni, watoto wakiwa majumbani; fedha hizo zingeajiri walimu na kununua vitabu. Mfano wao ni Joplin, Missouri, ambako tarehe 22 Mei, 2011, tonado iliua watu zaidi ya 150 na kuibomoa skuli ya sekondari ya mji. Ilikuwa Jumapili jioni. Skuli ilikuwa tupu. Nami nasema mfano huo unawageuka. Watu wa Joplin waliofia majumbani wangeweza kuwa hai kama skuli ya mtaa ingekuwa na ukumbi imara uliofunguliwa kwa wote. Hesabu ya skuli moja kwa mwaka mmoja ni hesabu ya mwenye duka. Serikali inazo skuli zote, kwa miaka yote ambayo majengo yatasimama, na ikizijumlisha hivyo uwezekano mdogo huacha kuwa mdogo.

Mtu wa kisiwani atasema: haya ni ya Marekani, sisi tonado hatuna. Ni kweli, na sitawatisha watu kwa balaa lisilo lao. Lakini bahari yetu hii ya Hindi ina pepo zake. Tarehe 15 Aprili, 1872, enzi ya Sayyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha vyombo bandarini na kuiangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu, na Pemba ikasalimika. Ndiyo maana hadi leo karafuu ni ya Pemba. Tulijifariji baadaye kwamba jambo la namna ile halirudi. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kikatua Mafia, ndugu zetu wa jirani kabisa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa taarifa mfululizo, kwa wakati, na kwa Kiswahili kinachoeleweka. Kwa rehema kikapungua nguvu. Lakini wakati tuliposubiri, niliwauliza wazee wawili watatu wa kijijini kwetu: mkiambiwa mhame usiku huu, mtakwenda wapi? Wote walinijibu neno moja. Skuli.

Basi tuwatazame watu wa visiwa na pwani waliolifanyia kazi jibu hilo. Bangladeshi ilipigwa na kimbunga mwezi wa Novemba 1970 katika kisiwa cha Bhola na sehemu za jirani, wakafa watu wasiopungua laki tatu. Mwezi wa Aprili 1991 wakafa tena wapatao 138,000. Nchi ile maskini haikuwa na fedha za kujenga makimbilio matupu pande zote za pwani, wala haikuwa na fedha za kujenga skuli zote zilizotakiwa. Ikaunganisha haja mbili. Makimbilio mengi yakajengwa yawe skuli za msingi: nyumba ya zege juu ya nguzo ndefu, chini pakipita maji, juu wakisoma watoto siku zote za salama. Kimbunga Sidr cha mwaka 2007, chenye nguvu za kutisha, kiliua watu elfu tatu na zaidi. Ni wengi mno, lakini tukumbuke idadi za zamani. Maonyo bora, watu wa kujitolea wa kupita nyumba kwa nyumba, na hizo skuli za zege, ndivyo vilivyoleta tofauti.

Walijifunza kwa gharama. Wanawake wengi walisita kwenda kwa sababu mahali penyewe palikuwa ukumbi mmoja, choo kimoja, wanaume na wanawake pamoja. Ikabidi vyumba na vyoo vitenganishwe. Wakulima walikataa kuwaacha ng'ombe. Ikabidi pajengwe vilima vya udongo vya kuhifadhia mifugo. Haya hayatoki katika vitabu vya uhandisi. Hutoka kwa kuwauliza watu kabla ya kuchora.

Mwalimu wangu wa chuoni, aliyetusomesha juzuu kwenye ukumbi wa makuti, hakumruhusu mtoto yeyote kutaja kudra kabla hajaeleza amefanya nini kwanza. Ukipoteza juzuu yako na kusema imeandikwa, alikuuliza uliifunga kwa kamba gani. Nilimkumbuka mwaka niliokuwa darasa la nne, masika yalipoondoa mabati ya banda letu la skuli usiku mmoja, tukayakuta asubuhi katika mihogo ya watu. Hatukuumia, tulikuwa tumelala majumbani. Tulisoma chini ya mwembe kwa muda mrefu. Fundi alipokuja kulirudisha paa alizikusanya zile zile mbao za kenchi na kuzigongomea kwa misumari ile ile, akiinyoosha juu ya jiwe. Tulimtazama. Nadhani hata sisi watoto tulijua.

Hivi sasa skuli za ghorofa zinajengwa Unguja na Pemba kwa kasi ambayo wazee wetu hawakuiota, na ni fahari yetu sote. Ndiyo maana wakati wa kusema ni huu, michoro ingali mezani, kwani kuongeza nondo katika karatasi ni rahisi kuliko kuongeza nondo katika ukuta uliokwisha kupakwa chokaa. Kila skuli mpya iliyo karibu na pwani iwe na walau ukumbi mmoja ulioinuliwa juu ya maji, wenye paa la zege badala ya mabati, madirisha yenye mbao za kufungia, tangi la maji, vyoo vya wanawake mbali na vya wanaume, na njia ambayo mzee asiyeweza ngazi ataipita. Za zamani zikaguliwe paa na kenchi zake kabla ya masika, moja moja, na ripoti ibandikwe ukutani ambapo mzazi ataisoma. Fedha zake zitoke katika bajeti ya Serikali, isiwe michango ya kijiji. Kijiji chenye mikarafuu na kijiji chenye mawe vipewe ukuta sawa.

Na lipo jambo la ufunguo. Miaka kadhaa iliyopita, katika mvua kubwa, nilitumwa kusaidia kuwahamisha watu wa bondeni ambao nyumba zao ziliingiwa na maji. Tuliwapeleka skuli moja ya karibu, ambayo sitaitaja. Ilikuwa usiku, mvua inanyesha kwa nguvu, na mlango ulikuwa na kufuli. Aliyekuwa na ufunguo alikwenda mjini harusini, na hakuna aliyejua kama ameuacha kwa nani. Tulisimama barazani karibu saa nzima, watu arubaini na kitu, mama mmoja akiwa na mtoto wa wiki mbili ndani ya kanga iliyorowa, mpaka kijana mmoja akaokota jiwe akaivunja kufuli. Baadaye kamati ya skuli iliandika barua kuuliza nani atailipa. Niliilipa mimi, na risiti ninayo.